Panga ‘butu’, bunduki ya bomba na mwizi ‘aliyejihami’

JUMA hili nimekutana tena na ile sentensi ambayo imekuwa kama kiitikio katika taarifa zetu za habari: “Genge la vijana waliojihami kwa silaha butu, zikiwemo mapanga na mishale, lilivamia kijiji...” Majina ya vijiji hubadilika, idadi ya majeruhi hubadilika, lakini sentensi yenyewe haibadiliki. Nimeisikia redioni, nimeisoma magazetini, na wanafunzi wangu huiandika katika insha bila kusita.

Sitaki kujifanya askari wa sarufi. Lugha ni ya wenyewe, na wenyewe wana ruhusa ya kuikunja watakavyo. Lakini maneno mawili katika sentensi hiyo, ‘butu’ na ‘waliojihami’, yanaficha historia ndefu ya jinsi watu wasio na silaha walivyojiundia, na jinsi walio na silaha walivyoamua waziite nini zile za wenzao. Katika nchi hii, kuna watu walionyongwa kwa sababu ya jibu la swali hilo.

Hebu tuanze na ‘butu’. Kitu butu ni kile kisichokuwa na makali wala ncha. Kisu kikishindwa kukata nyanya, hicho ni kibutu. Sasa panga lililonolewa litakuwaje butu? Mshale nao? Katika orodha ya wanahabari wetu, rungu na jiwe pekee ndivyo vinavyostahili sifa hiyo. Tena si jambo dogo. Ripoti ya daktari hutofautisha jeraha la kifaa butu na jeraha la kifaa chenye makali, na kesi nzima ya mauaji inaweza kusimama au kuanguka juu ya tofauti hiyo. Siku ambayo mkalimani wa mahakama ataita panga kifaa butu kwa sababu amezoea kusikia hivyo redioni, mtu atapata hasara kubwa kuliko alama za insha.

Nadhani najua kosa lilikotoka. Mwandishi anatafuta neno la kuelezea silaha isiyo ya kiaskari, silaha ya kubahatisha. Kiingereza kina neno ambalo pia hutumika kwa mafuta yasiyosafishwa, yale tunayoyaita mafuta ghafi. Akisema ‘silaha ghafi’, atachekwa. Basi anakamata neno lililo karibu, na lililo karibu ni ‘butu’. Wengine hukimbilia ‘silaha za jadi’ au ‘silaha za kienyeji’, na hapo ndipo mimi hukasirika zaidi, maana ‘butu’ ni kosa la kamusi tu, ilhali ‘jadi’ ni uongo wa historia.

Panga gani la jadi? Mapanga mengi yaliyouzwa Afrika enzi za ukoloni yalitoka viwandani Birmingham, Uingereza. Yale yenye nembo ya mamba, ambayo wazee wengi bado wanayataja kwa heshima, yalikuwa ya kampuni ya Martindale ya huko huko. Nchini Rwanda, uchunguzi wa Alison Des Forges uliochapishwa na Human Rights Watch mwaka 1999 ulionyesha kwamba mapanga yaliagizwa kwa wingi kutoka ng’ambo katika miezi iliyotangulia mauaji ya 1994. Yalipitia forodhani, yakaandikwa katika vyeti vya uagizaji bidhaa. Ukiita hiyo silaha ya jadi, umewaambia wasomaji wako kwamba mauaji yale yalikuwa mila ya watu fulani, kumbe yalikuwa na stakabadhi.

Ukweli ni kwamba mpaka kati ya kifaa cha kazi na silaha haujawahi kuwa imara, na Kiswahili chenyewe kinashuhudia hivyo. Chukua neno ‘mzinga’. Kwanza ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki wajenge humo. Wazee wetu walipoona bomba kubwa la chuma likitema moto kutoka merikebuni, hawakuhangaika kutafuta neno jipya: gogo lenye uvungu ni gogo lenye uvungu. Ndiyo maana leo jeshi hupiga mizinga 21 kwa heshima ya rais, na hakuna anayewaza asali. (Vijana wa siku hizi wameupeleka mzinga mbele zaidi, ukawa chupa kubwa ya pombe kali. Nao wana haki yao.)

‘Bunduki’ nayo ina safari ya kushangaza. Waarabu waliita ‘bunduq’ aina ya kokwa ndogo ngumu, na jina hilo lilitokana na Kigiriki, likimaanisha kokwa ya nchi ya Ponto. Kutoka kokwa likahamia kwa kidonge cha udongo au risasi kilichorushwa kwa upinde wa pekee, kisha likahamia kwa chombo cha kukirushia. ‘Risasi’ kwa Kiarabu ni madini tu, yale mazito ya kijivu. Na ‘bastola’ hutajwa na wanaisimu wengi kuwa na asili ya mbali katika Kicheki, lugha ambamo ‘píšťala’ ni filimbi, au bomba. Neno hilo lilizaliwa wakati wa vita vya Wahusi huko Bohemia katika karne ya 15, vita ambavyo wakulima walipigana na mashujaa wenye deraya za chuma wakitumia mikokoteni ya shambani na fimbo za kupuria ngano. Yaani bastola, silaha ya afisa na mlinzi wa rais, ilipewa jina na watu waliokuwa wakiunga-unga.

Poland ilifanya vivyo hivyo mwaka 1794. Wakulima waliomfuata Tadeusz Kościuszko walichukua miundu mirefu ya kukatia nyasi, wakawapa wahunzi wainyooshe hadi makali yasimame wima kama ya mkuki, na katika mapigano ya Racławice wakaiteka mizinga ya Warusi. Leo picha zao zimetundikwa katika majumba ya makumbusho na watoto hufundishwa kuwaheshimu.

Kisa cha Finland nacho kina funzo la kilugha. Urusi ya Kisovieti ilipoishambulia nchi hiyo majira ya baridi ya 1939, inasimuliwa kwamba waziri wake wa mambo ya nje, Vyacheslav Molotov, alidai kuwa ndege zao zilikuwa zinadondosha chakula, si mabomu. Wafini kwa kejeli wakayaita mabomu hayo kikapu cha mkate cha Molotov, na chupa zao za moto wakaziita kinywaji cha kuteremshia mkate huo. Chupa za namna hiyo zilikuwa zimetumiwa tayari Uhispania katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936, lakini ni jina la Wafini lililoshika. Na hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Chupa za Finland hazikuwa za uchochoroni tu. Kiwanda cha pombe cha serikali huko Rajamäki kilizijaza kwa mamia ya maelfu. Silaha ile ile, ikijazwa na serikali, ni zana ya vita. Ikijazwa na kijana mtaani, ni uhalifu. Chupa haijui tofauti.

Sasa turudi nyumbani, Nyandarua na Mlima Kenya.

Hali ya Hatari ilitangazwa nchini tarehe 20 Oktoba 1952. Waliokimbilia msituni hawakuwa na nchi jirani ya kuwapa silaha wala meli ya kuwaletea. Baadhi yao, kama Waruhiu Itote aliyejulikana kama Jenerali China, walikuwa wamepigana Burma upande wa Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hivyo walijua vizuri bunduki halisi ni kitu gani na walijua kwamba hawana za kutosha. Njia mojawapo ilikuwa kupora. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walivamia kituo cha polisi cha Naivasha wakatoroka na bunduki na risasi. Njia nyingine ilikuwa kuunda.

Bunduki zao zilikuwa kazi ya fundi, si ya mchawi wala ya mila. Kipande cha bomba la maji kiligeuka mtutu. Ubao ulichongwa ukawa kitako. Komeo la mlango lilifanya kazi ya kugonga risasi, likisukumwa na springi au ukanda wa mpira. Nyingi zilifyatua risasi moja moja, na si mara chache zilimlipukia aliyezishika. Hakuna aliyezipenda. Zilibebwa kwa sababu mwenye kubeba bomba hulazimika kuogopwa kidogo zaidi ya asiyebeba kitu, na kwa sababu kwa bomba moja, kwa bahati, mtu angeweza kupata bunduki halisi ya adui.

Tazama msamiati huo: bomba, ubao, komeo, mpira. Ni msamiati wa nyumba, wa mtu anayejua kurekebisha mfereji na kufunga mlango. Bunduki ile ilizaliwa mjini na karakanani, mikononi mwa mafundi walioajiriwa na uchumi ule ule wa kikoloni. Ndiyo maana operesheni ya Aprili 1954, iliyozunguka Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu, iliwaumiza sana wapiganaji wa msituni: ilikata mkono uliokuwa ukiwalisha, uliowatibu na uliowapa vyuma. Kuziita silaha hizo za jadi ni kumfuta fundi yule katika historia.

Upande wa pili nao ulipewa jina kutokana na silaha. Askari wa nyumbani, wale Waafrika waliounga mkono serikali, waliitwa ‘kamatimu’ kwa Kikuyu, neno linalotokana na mkuki, kwa sababu mwanzoni ndio waliopewa. Serikali haikuharakisha kuwakabidhi bunduki hata rafiki zake. Baadaye walipata, lakini jina la mkuki lilibaki, likawa tusi, na kwa familia nyingine bado ni tusi.

Sipendi historia inayosafisha upande mmoja. Usiku ule ule wa Naivasha, kule Lari, familia za waliohesabiwa kuwa vibaraka wa serikali zilishambuliwa kwa moto na mapanga, wanawake na watoto wakiwemo, kisha kisasi kilichofuata kikaua wengine wengi. Panga la Lari halikuwa la ukombozi kwa mtoto aliyeliona. Pia si kweli kwamba lilikuwa na ukatili kuliko kitanzi.

Maana sheria nayo ilikuwa na lugha yake. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kupatikana na bunduki au risasi bila idhini kukawa kosa la kifo. Hukuhitaji kuua mtu. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa ya wakati ule, na wengi wao hawakuhukumiwa kwa mauaji. Walipatikana na silaha au risasi, au walishirikiana na wapiganaji, au walilisha kiapo. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kumiliki bastola na risasi sita. Sanamu yake iliyozinduliwa Nairobi miaka 50 kamili baadaye inamwonyesha ameshika silaha, na hakuna askari anayeikamata.

Wakati huo huo, mwaka 1953, bunge la Uingereza lilikuwa likitunga sheria yake kuhusu silaha mitaani huko kwao. Ilieleza silaha kwa namna ambayo mimi, kama mtu wa lugha, huivulia kofia: kitu kilichoundwa ili kumjeruhi mtu, au kilichogeuzwa kwa ajili hiyo, au ambacho aliyenacho anakikusudia kwa ajili hiyo. Kuundwa, kugeuzwa, kukusudiwa. Vitenzi vitatu, hatua tatu. Bastola imeundwa. Mundu ulionyooshwa umegeuzwa. Na mchi wa jikoni? Huo unategemea moyo wa aliyeushika.

Kwa maoni yangu Kiswahili kinaweza kufuata ngazi hiyo bila shida yoyote. Tuseme ‘silaha za kujiundia’ kwa bunduki ya bomba na kadhalika. Tuseme ‘vifaa vilivyogeuzwa silaha’ kwa panga, shoka, jembe na chupa. Au, vizuri zaidi, tutaje kitu chenyewe: “vijana waliobeba mapanga na mishale”. Msomaji hahitaji kivumishi ili aogope panga.

Nimeandika ‘waliobeba’. Hilo linanileta kwa ‘waliojihami’. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule wa ‘himaya’, na maana yake ni kulinda. Kamusi zetu zinakubaliana: kuhami ni kukinga, kujihami ni kujikinga na hatari. Basi jambazi anayevunja mlango wa mama mboga saa nane za usiku anajikinga na nini? Naelewa neno lilivyohama. Mwenye silaha huitwa amejihami, kisha silaha ikameza ulinzi, na sasa ‘kujihami’ kwa wengi ni kuwa na silaha tu. Maana za maneno huhama kila siku na mimi si wa kuzizuia. Lakini neno hili limehama likiwa bado limevaa kanzu yake ya zamani. Kila mshambuliaji anapoitwa aliyejihami, msikilizaji anadokezewa, bila kujua, kwamba kulikuwa na kitu cha kujikinga nacho. Katika mwaka wa uchaguzi huo si mzaha, kwa sababu hivyo ndivyo viongozi wanaowapa vijana mishale huongea: ati tunajilinda tu.

Mfano wa 2007 na 2008 tunao. Picha zilizozunguka dunia zilikuwa za vijana wenye mapanga, pinde na rungu barabarani. Ukiuliza watu wengi hata leo, watakwambia ghasia zile zilikuwa za ‘silaha butu’. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, na tume ikasema wazi kwamba hakuna njia nyingine iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo. Mapanga, mishale na moto viliua kwa wingi pia, na kanisa la Kiambaa halisahauliki. Lakini msamiati wetu ulikuwa tayari umechagua cha kukumbuka. ‘Silaha butu’ ilikuwa na vijana ndani yake. Risasi haikuwa na mtu. Tazama jinsi taarifa zinavyoandikwa: vijana ‘walishambulia’ kwa mapanga, lakini mwathiriwa wa bunduki ‘alipigwa risasi’, na sentensi inafikia nukta bila mtenda. Kauli ya kutendwa ina kazi zake nzuri katika sarufi. Hii si mojawapo.

Mitaani wana majina yao, na mara nyingi yana ukweli kuliko yetu. Bastola huitwa ‘mguu wa kuku’, kwa umbo lake ukiilaza ubavu. Lakini neno ninalolistahi zaidi ni ‘bonoko’. Wakenya wengi walilisikia zaidi ya mwongo mmoja uliopita, kijana wa mitaani alipohojiwa na mwanahabari kuhusu mtu aliyeuawa na polisi. Akasema, kwa lugha yake ya haraka isiyopambwa, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kazi zake tu, na kwamba aliwekewa bonoko. Yaani bunduki ya uongo, iliyolazwa kando ya maiti ili maiti igeuke jambazi. Watu walicheka, sauti ile ikawekewa muziki, ikachezwa kwenye matatu. Wengi tulichekea matamshi na tukaacha neno lipite.

Nilipowauliza wanafunzi wangu bonoko ni nini, mmoja akasema ni bunduki bandia. Mwenzake, aliyekulia Eastlands, akamkatiza: “Hapana, mwalimu. Bandia ni ya kutishia mtu. Bonoko ni ya kuwekewa.” Nimeandika fasili hiyo kwenye kadi jinsi alivyoitamka, pamoja na ngeli yake, na ninaisubiri kamusi itakayokuwa na ujasiri wa kuichapa.